Punda wa Lamu Asiyetaka Dawa

Mtu atokaye bara kwenda Lamu hufika mwisho wa barabara huko Mokowe. Hapo huacha gari, huchukua mizigo yake, hupanda mashua na kuvuka. Mkono wa bahari utengao kisiwa na bara si mpana, na baada ya muda mfupi huuona mji umejipanga ukingoni mwa maji: nyumba ndefu za mawe ya matumbawe, paa za makuti, misikiti, na vyombo vilivyotia nanga mbele yake. Akishuka gatini, kimpitacho karibu mara nyingi si motokaa, bali ni punda mwenye shogi mbili zilizojaa mchanga, na nyuma yake kijana apazaye sauti, "Simile! Simile!" ili watu wampishe.

Mgeni aweza kudhani ya kuwa punda hao wamewekwa ili kuwafurahisha watalii. Sivyo. Mji wa Lamu ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Njia zake ni nyembamba, zapita katikati ya kuta ndefu, zapinda huku na huku, na mahali pengine punda wawili wenye mizigo wakikutana, hapana budi mmoja asimame ampishe mwenziwe. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika mji huu wa kale katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia, kwa kuwa nyumba zake na njia zake zimedumu, na watu wangali wakikaa humo kwa desturi zao. Lakini mji usiobadili njia zake hauwezi kwa urahisi kumbadili mchukuzi wake. Katika miaka ya karibuni pikipiki zimeingia kisiwani, walakini ndani ya vichochoro saruji, mawe, boriti, magunia ya unga na vyombo vya nyumba huchukuliwa bado kwa mgongo wa punda.

Kwa hiyo punda wa Lamu ni duka la mtu, ni shamba lake, na ni mshahara wake. Akitembea, nyumbani kuna chakula, na watoto waenda chuoni na shuleni. Akilala chini kwa ugonjwa, mwenyewe hulala chini pamoja naye, kwani hakuna atakayemlipa kwa kazi isiyofanyika. Ndiyo sababu jambo moja lionekanalo kuwa dogo, yaani kumfanya punda ameze dawa yake, lina uzito mkubwa katika kisiwa hiki kuliko mtu wa mbali awezavyo kufikiri.

ADUI ASIYEONEKANA

Jioni, kazi ikiisha, punda wengi hufunguliwa wakatembea wapendavyo. Huonekana wakisimama mbele ya ngome ya kale, wakipita kando ya bahari, na wakitafuta riziki yao penye majani na penye takataka. Hapo ndipo yalipo madhara mawili. La kwanza ni vitu visivyoliwa, kama vile kamba na mifuko ya plastiki. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kuchukulia bidhaa, lakini takataka hazijaisha duniani, na punda ajazaye tumbo lake vitu hivyo huweza kupatwa na msokoto wa tumbo hata akafa.

La pili ni minyoo. Mayai ya minyoo hutoka katika mavi ya punda mgonjwa, hufanya mabuu, nayo mabuu hupanda katika majani; punda mwingine huyala majani hayo, na mabuu yaingia tumboni mwake yakakua. Minyoo mingine hunyonya damu, mingine hujificha katika ngozi ya utumbo muda mrefu kabla ya kutoka. Punda huweza kuwa nayo kwa wingi na mtu asijue, kwa maana mnyama huyu ni mvumilivu kupita kiasi. Farasi akiumwa hujitupa chini na kugaagaa, punda mara nyingi husimama kimya tu, ameinamisha kichwa, na asiyemjua husema, "Leo amechoka kidogo."

Wenyeji wa Lamu walipata msaada katika jambo hili mwaka 1987, ilipofunguliwa hospitali ya punda kando ya bahari na chama kiitwacho The Donkey Sanctuary. Chama hicho kilianzishwa Uingereza mwaka 1969 na mwanamke jina lake Elisabeth Svendsen, ambaye alifika Lamu na kuona hali ya punda wake. Punda walitibiwa vidonda, kwato na meno, na kupewa dawa ya minyoo bila malipo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 ilikuwa imetokea dawa mpya yenye nguvu, ivermectin, ambayo asili yake ni vijidudu vya udongo uliochimbwa Japani. Wataalamu wawili walioigundua, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Leo dawa ya namna hiyo huuzwa ikiwa nzito kama uji, katika bomba dogo lisilo na sindano, ili isukumwe kinywani mwa mnyama.

Basi dawa ipo, na bomba lipo. Limebaki jambo moja, nalo ni ridhaa ya punda.

KWA NINI PUNDA HUKATAA

Wahenga walisema ya kuwa fadhila ya punda ni mateke. Huenda aliyesema hivyo alikuwa ametoka kumnywesha dawa. Lakini yafaa kujua ya kuwa punda hakatai kwa ubaya wa moyo. Asili yake ni punda wa mwitu wa Afrika, walioishi katika nchi kame za kaskazini mashariki ya bara hili, na wataalamu wasema ya kuwa watu walianza kumfuga yapata miaka 7,000 iliyopita. Katika nchi kama ile mnyama hula majani machache, kila jani na ladha yake, na alaye bila kunusa huweza kula sumu. Punda wa leo amerithi pua ile ile. Hunusa kwanza, huonja kwa ncha ya mdomo, na jambo lisilomridhisha huliacha.

Tena ana kumbukumbu. Akionjeshwa uchungu mara moja ndani ya pumba, atazishuku pumba kesho na keshokutwa. Akishikwa kwa nguvu na kuumizwa kinywa, atalikumbuka lile bomba, atamkumbuka mtu aliyelishika, na atakumbuka mahali penyewe. Na punda akiogopa hakimbii upesi kama farasi. Husimama kama mwamba. Watu huita jambo hilo ukaidi, lakini yeye husimama ili kutazama kama hatari ni ya kweli.

MFANO WA MZEE MMOJA

Na utwaliwe mfano wa mzee mmoja mwenye punda wawili, mfano ambao wachunga punda wengi wataona kuwa ni habari zao wenyewe. Mmoja wa punda hao ni dume kijana, asiyechagua chakula, awezaye kula hata ganda la embe lililokanyagwa. Wa pili ni jike wa umri mkubwa, mwenye rangi ya kijivu, na huyo huchagua sana. Kazi ya ujenzi ilikuwa haba katika mwezi ule, na yule jike alikuwa amenenepa shingo. Mzee aliona unene ule akafurahi. Lakini mavi yake yalipopimwa, yalionekana mayai mengi ya minyoo, na mzee akapewa bomba la dawa aende nalo nyumbani.

Dume alimeza dawa yake mara moja, akajilamba mdomo. Jike akageuza kichwa. Mzee akaona ni afadhali kutumia werevu, akaichanganya dawa ndani ya pumba za mahindi. Jike akakaribia, akanusa, akapuliza pumba kwa pua hata zikamwagika chini, akaondoka. Siku ya pili mzee akatia sukari. Jike akala pembeni, penye sukari bila dawa, akabakiza palipo na dawa. Siku ya tatu mzee akamwekea pumba tupu, safi kabisa, zisizo na kitu ndani yake. Punda hakuzigusa. Hata majani aliyatazama tu.

Hapo ndipo hatari ya kweli ilipoanza, na mzee hakuijua. Punda, na hasa punda mnene, hawezi kukaa bila kula kama wanyama wengine. Asipokula, mwili huanza kuyeyusha mafuta uliyoyaweka akiba, nayo huingia katika damu kwa wingi kupita kiasi, hata ini na figo zikashindwa kufanya kazi zake. Ugonjwa huu huja kwa siku chache tu, na punda wengi waupatao hufa. Kwa hiyo mtu aweza kuwa anamtibu punda wake minyoo, ambayo ingemdhuru polepole, na kwa namna ya kumtibu akamtia katika mauti ya haraka.

Jirani mmoja alipita, akasimama kutazama.

"Mzee wangu," akasema, "utambembeleza hata lini? Mfunge kichwa juu penye boriti, mmiminie dawa kwa chupa, mambo yaishe."

Maneno haya husikika sana, si Lamu peke yake. Lakini punda aliyeinuliwa kichwa juu hawezi kumeza vizuri, na kimiminwacho huweza kupita katika njia ya pumzi kikafika mapafuni. Mapafu yakipata maji ya dawa huoza kwa homa mbaya. Tena punda, kama farasi, ameumbwa asiweze kutapika. Kilichokwisha kushuka tumboni hakirudi juu. Kwa hiyo haraka ya dakika moja huweza kumharibia mtu riziki ya miaka mingi.

Mzee alisita. Akamtuma mwanawe, mvulana wa miaka kumi na miwili, aende kumwita daktari wa wanyama.

USHAURI WA DAKTARI

Daktari alipofika alimsalimu mzee kwa heshima, akamtazama punda ufizi na macho, akasikiliza tumbo lake, ndipo akasema, "Mzee, leo usimpe dawa."

"Bwana daktari," akajibu mzee, "mimi nataka ameze dawa, nawe waniambia nisimpe?"

"Kwanza ale. Minyoo itangoja wiki moja, njaa haitangoja. Mletee majani mabichi, mletee kile akipendacho zaidi, wala usitie kitu ndani yake. Na yule mwenzake mrudishe hapa karibu."

Kwani mzee alikuwa amemtenga dume upande wa pili wa ua, asije akala pumba zenye dawa. Hakufikiri ya kuwa punda hufunga urafiki wa ndani sana. Wawili waliozoeana hutembea pamoja, hula pamoja, na mmoja akitengwa huweza kukataa chakula kwa huzuni. Dume aliporudishwa, jike alimnusa shingo, akasimama karibu naye, na kabla ya jua kutua alikuwa akitafuna majani.

Kisha daktari akamwonyesha yule mvulana kazi ya siku zijazo. Alimpa bomba tupu lililooshwa vizuri. Siku ya kwanza kijana asifanye lolote ila kulishika mkononi huku akimkuna punda shingoni. Siku ya pili aliguse bomba shavuni mwa punda, aliondoe kabla punda hajageuza kichwa. Siku ya tatu alipake sukari guru nje, amwache punda alilambe mwenyewe. Siku ya nne alijaze maji yenye sukari guru, alitie pembeni mwa mdomo, asukume kidogo. Na kila siku amalize punda akiwa bado anataka zaidi.

Baba yake alicheka, akisema ya kuwa katika maisha yake hajaona punda akiendeshewa chuo. Lakini mvulana alishika neno la daktari. Siku ya kwanza punda alikunja masikio. Siku ya tatu alililamba bomba mpaka mwisho. Siku ya tano, mvulana alipoingia uani, punda alimfuata yeye, akitafuta mkono wenye utamu.

Siku ya sita dawa ilitolewa. Daktari alipima kwanza kifua cha punda kwa utepe na urefu wake mpaka begani, ili ajue uzito, kwa sababu kipimo cha dawa hufuata uzito. Akahakikisha ya kuwa hamna majani kinywani, kwani punda mwenye donge la majani hulitema pamoja na dawa yote. Mvulana akasimama kando ya bega, si mbele penye teke la mkono, wala si nyuma. Mkono mmoja ukashika hatamu. Mkono wa pili ukatia bomba pembeni mwa mdomo, penye pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego, likielekea juu ya ulimi upande wa nyuma. Akasukuma kwa mara moja, bila pupa, akatoa bomba. Kidevu kikashikwa kwa upole, kichwa kikiwa sawa na kawaida yake, mpaka koo lilipoonekana likimeza. Punda alikunja mdomo wa juu kwa uchungu, akatikisa kichwa. Mara bomba la pili likaja, la sukari guru, naye akalipokea.

"Na kesho umpe tamu tena, na keshokutwa," akasema daktari. "La mwisho kukumbukwa lisiwe lile chungu."

Mzee alitazama chini kama kuna dawa iliyomwagika. Haikuwapo hata tone.

MAMBO YAWAFAAYO WENYE PUNDA WA BARA

Habari hii ni ya Lamu, lakini punda wa bara wana pua na koo zile zile. Mkulima wa Mwea ambaye punda wake huvuta gari la mpunga, au mtu wa Limuru ambaye wake huchukua maji, aweza kuitumia elimu hii bila kuvuka bahari.

Neno la kwanza ni kwamba chakula cha kila siku kisigeuzwe kuwa mtego. Iwapo dawa ni ya unga na hapana budi ichanganywe, na ichanganywe katika kitonge kidogo cha kitu kitamu, kando ya chakula chenyewe, punda apewe akiwa na njaa kidogo. Akikikataa kitonge, bado atakuwa na imani na chakula chake. Ni vizuri kumzoeza vitonge vitupu siku kadhaa kabla, ili siku ya dawa isiwe siku ya kigeni.

La pili ni kwamba nusu ya dawa si nusu ya faida. Punda ameze kipimo kizima. Minyoo iliyoonjeshwa dawa kidogo bila kufa huacha uzao usioiogopa dawa, na katika nchi nyingi minyoo ya namna hiyo imekwisha kuonekana. Kwa sababu hiyo pia wataalamu wa siku hizi hawasifu desturi ya kumpa kila punda dawa kila mara bila sababu. Ni afadhali mavi yapimwe kwanza, na apewe yule mwenye haja.

La tatu ni kwamba ufagio ni dawa ambayo punda hawezi kuitema. Mavi yakizolewa mara kwa mara kutoka uani na mahali pa malisho, mayai ya minyoo hayapati nafasi ya kumrudia mnyama. Mkulima wa bara ana bahati zaidi kuliko mtu wa mjini Lamu, kwa kuwa mavi hayo, yakiachwa yaoze vizuri penye lundo, huwa mbolea ya shamba.

La nne ndilo kubwa: punda aachaye kula kwa siku nzima ni mgonjwa wa haraka. Asingojwe aanguke. Aitwe daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

JIONI KANDO YA BAHARI

Kila mwaka, wakati wa sherehe za Maulidi, watu hukusanyika Lamu kutoka pande nyingi za pwani, na miongoni mwa michezo hufanywa mashindano ya punda kando ya bahari. Vijana huwapanda bila matandiko, umati hupiga kelele, na punda mmoja au wawili husimama ghafula katikati ya mbio, wakawaacha wapandaji wao waendelee peke yao. Watu hucheka sana. Mshindi hupata sifa mtaani mwake, na mchunga mwema hujulikana kwa jinsi punda wake amtiivyo bila fimbo.

Yule jike wa kijivu hakushindana, umri wake umepita. Lakini kazi ya ujenzi iliporudi, alionekana tena asubuhi akipanda kichochoro kutoka gatini, shogi mbili za mchanga ubavuni, na dume akimfuata nyuma. Penye kona iliyo nyembamba alisimama. Mzee hakuinua fimbo, wala hakupaza sauti. Alingoja kidogo mpaka punda aliponusa ukuta, akatazama njia, akaridhika, akaendelea kupanda na mzigo wake.